Picha ya Kona ya Maji

Mdogo wangu alipompa baba simu, baba aliisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua, akacheka kama mtu aliyeletewa habari ya harusi. "Ongeza mwanga, mama," akamwambia. Mdogo wangu akaongeza mwanga wa simu, na baba akacheka tena. Ilikuwa picha ya mchungwa. Mchungwa tu, ulio nyuma ya nyumba anayopanga mdogo wangu huko Muheza anakofundisha shule ya msingi, tena umepigwa jua likiwa utosini, saa ambayo mpigapicha mwenye akili zake hukaa ndani akanywa chai. Mimi nilikuwa mkekani na bahasha ya picha zangu mapajani, nimezisafisha kwenye karatasi nzuri kuliko zote nilizonazo studio, na hakuna aliyeniuliza bahasha ile ina nini.

Nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia jina la heshima zaidi. Si wivu wa nguo wala wa nyumba. Mwenzangu akijenga ghorofa mimi nalala usingizi wangu. Wivu wangu wote umekwenda kwa mtu mmoja, binti wa mama mdogo, yaani mke wa pili wa baba, na nimekuwa nao tangu siku alipopewa jina.

Jina ndilo lililoharibu. Kwetu Lushoto mtoto hurithi jina la bibi au babu, na akishalipata jina anapata na cheo cha mwenye jina. Mimi nilizaliwa wakati bibi mzaa mama ametoka kufariki, kwa hiyo jina lake likaniangukia, na kuanzia hapo kwa baba nikawa mkwe. Mdogo wangu alipokuja akapewa jina la bibi mzaa baba, akawa mama. Huku kwetu hakuna anayeshangaa kumwona mzee mwenye mvi akimwita binti yake mama na kumdekea. Wanaona ni jambo zuri, na kwa aliyeitwa mama ni zuri kweli.

Lakini mwanamume wa kwetu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali mbali. Hali naye sahani moja, hampi kitu mkono kwa mkono, na wakikutana kwenye njia nyembamba anapanda ukingoni kumpisha. Baba alianza kwa mzaha. Nikiingia sebuleni aliinuka kidogo kitini, "Karibu, mkwe," na wageni wakacheka. Nikimpelekea maji aliniambia niyaweke kwanza mezani, kisha ndipo ayachukue. Ule mzaha ulirudiwa na kurudiwa mpaka wageni wakaacha kucheka na baba akaacha kujua kwamba anafanya mzaha. Siku ya harusi yangu alinipa baraka zake akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Mdogo wangu, siku hiyo hiyo, alikuwa amemlalia begani.

Nilichokuwa nacho mimi ni picha. Baba alikuwa na studio pale mjini, chumba kimoja chenye pazia na kiti cha kuzunguka, na siku ambazo amefunga alishuka korongoni na kamera yake ya mkanda. Korongo lenyewe liko chini ya mashamba yetu. Kuta mbili za mwamba zimesimama karibu karibu, katikati kijito kinapita, na kuna mahali kijito kinaugonga mwamba, kinajikunja na kutulia kabla ya kuendelea na safari. Sisi tunapaita kona ya maji. Huko alinipeleka mimi, hakumpeleka mdogo wangu, kwa sababu mdogo wangu alilia akiona maji.

Alikuwa anaiweka kamera juu ya jiwe, anarudi nyuma, ndipo na mimi naenda kuichukua. Kila kitu alinifundisha kwa mbali, kwa sauti. "Subiri, mkwe. Jua bado liko ukutani." Maana jua la asubuhi huanza na ukuta wa magharibi juu kabisa, linashuka nao taratibu, na linapofika kwenye maji linakaa muda mfupi tu, halafu ukungu unafunika. Asiyesubiri anapata picha ya giza chini na weupe juu. Nilijifunza kusubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Na nilijifunza sheria yake kubwa, kwamba picha ni iliyo kwenye karatasi, na kabla ya hapo mtu ana ahadi tu. Leo studio ni yangu na kamera zangu ni za kisasa, lakini hata bibi harusi simwonyeshi kile kioo cha nyuma ya kamera. Atasubiri nisafishe.

Kwa hiyo ukae na wewe mahali pangu, mkekani, na bahasha. Kwa muda mrefu sasa nilikuwa nampelekea picha za milima, za ukungu wa kule Bungu, za mikaratusi inayopukutisha magamba, na baba alikuwa anaziweka mkononi moja moja, anazipapasa pembeni, anasema, "Nzuri, mkwe. Karatasi nzuri." Kisha anaziweka kando. Karatasi nzuri! Mtu amelala porini na baridi ya huku kwa ajili ya ile picha, anasifiwa karatasi. Lakini mdogo wangu akituma mchungwa, au kuku, au sufuria la wali, baba anaitisha simu ije, anaigandia, anamwonyesha mama mdogo, anamwonyesha jirani aliyekuja kuomba jembe.

Tulijua macho yake yana presha. Daktari alimpa dawa ya matone, na kila nilipomuuliza alinijibu, "Naona, mkwe, naona, Mungu ni mwema." Alikuwa anatembea shambani peke yake na mkongojo, anawataja watu kwa majina wakiwa bado njiani. Mimi nikaridhika. Tena niseme lililo kweli, nilikuwa nimeshughulika zaidi na kumhesabia mdogo wangu kila cheko alilopewa.

Likizo ya mwezi wa sita mdogo wangu akapanda kutoka Muheza na kiroba cha machungwa, na jioni ile ile ya picha ya mchungwa baba akasema anataka picha ya kona ya maji. Moja tu, ya kukaa nayo. Twende naye kesho, atembee kidogo.

"Tutapiga wote wawili, baba," mdogo wangu akasema, huku anammenyea chungwa.

"Basi utachagua," nikasema mimi. Nilisema haraka mno, na mama mdogo akanitupia jicho.

"Nichague nini, mkwe?"

"Picha ya kukaa nayo. Yangu au yake."

Baba akatafuna chungwa lake polepole. Akasema haya, atachagua. Usiku ule nilichaji betri zote nilizokuwa nazo, nikafuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi. Niliitaka picha ile iwe yangu. Niliitaka kama mtoto anavyotaka mgongo wa mama yake, na umri wangu nilikuwa naujua vizuri.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Tulipita mashamba ya kabichi na viazi, tukapita miplamu iliyokwisha majani, mimi mbele na begi la kamera mgongoni na ile stendi ya miguu mitatu begani, wao nyuma. Baba alikuwa ameweka mkono juu ya bega la mdogo wangu. Kila baada ya muda nilisikia, "Hapa pana mzizi, baba," halafu kicheko cha baba, halafu stori nyingine. Kama mzizi ungekuwa mkubwa kiasi hicho si ningeuona mimi niliyetangulia? Nilijiambia anamdekeza mzee. Nilijiambia pia kwamba mzee anapenda kudekezwa na mama yake, na hapo roho iliniuma zaidi.

Kwenye mteremko tulikutana na mwanamke anapandisha mzigo wa karoti. Akatua, akamwamkia baba kwa Kisambaa. "Onga makeo, mzee. Shikamoo." Baba akaitikia. Yule mwanamke akamtazama mdogo wangu kwa macho ya huruma na sifa. "Mungu akuzidishie, binti, unavyomshika mzee wako." Kwangu akasema tu, "Na huyo ndiye mbeba mizigo?" Mdogo wangu akacheka, akasema, "Huyo ni dada, ndiye fundi mwenyewe." Hata utetezi wake ulinikera. Nilijikaza kisabuni, nikasogeza stendi bega la pili, nikaendelea kushuka.

Chini korongoni njia inavuka kijito juu ya mawe. Si mbali, mtu mzima anavuka kabla hajamaliza sentensi, ila mawe yana utelezi na maji ya mwezi wa sita yanakata kama wembe. Niliruka jiwe la kwanza, nikageuka, nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimetangulia na ndilo jambo ambalo mtu yeyote angefanya.

"Tangulia, mkwe," baba akasema, "kamera isije ikalowa."

Mkono wangu ukabaki pale, nikaurudisha, nikajifanya nilikuwa natengeneza mkanda wa begi. Mdogo wangu akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, huku akipiga kelele za baridi, akamvusha baba kwa mikono yote miwili. "Usinitose, mama!" baba alikuwa anasema, na korongo zima likarudisha kicheko chake.

Kwenye kona ya maji tukamkalisha juu ya jiwe bapa, mkongojo pembeni yake. Jua lilikuwa juu kabisa ya ukuta wa magharibi, utepe mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua stendi, nikaikita kwenye changarawe, nikaweka kamera, nikapima, nikahama, nikapima tena. Nilitaka maji yatoke laini, yameenea mwamba mzima kama ukungu, na ile nuru iyaguse tu mgongoni. Nilikuwa nimeiona picha ile kichwani tangu usiku. Kilichobaki ni kusubiri, na kusubiri ndiyo kazi niliyofundishwa na yule aliyekaa kwenye jiwe.

Mdogo wangu hasubiri. Alikuwa anazunguka majini, sketi ameifunga kiunoni, anapiga huku, anapiga kule, mara anajipiga mwenyewe. Nikawaza, piga, mwanangu, piga uchoke, utapata giza chini na weupe juu. Nilianza hata kufurahi. Kisha akaja mbio kwa baba, akapandisha mwanga wa simu mpaka mwisho, akakaa naye jiwe moja, mashavu yamegusana.

Baba aliishika simu kwa mikono miwili. Aliisogeza mpaka puani, na alipokuja kusema sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo. Nayaona maji. Nirushie kwenye simu yangu, mama, ikae humo humo, niwe naitazama."

Ikae humo humo! Yule aliyeniambia mimi kwamba picha ni karatasi. Na mimi nilikuwa sijabonyeza hata mara moja. Jua lilikuwa bado ukutani, limebakiza kipande kifupi kuyafikia maji, na kidole changu kilikuwa tayari. Nikakunja mguu wa kwanza wa stendi kwa nguvu, ukalia. Wa pili. Wa tatu. Nikaitumbukiza kamera kwenye begi, na jua lilishuka majini wakati nafunga zipu.

Niliitazama ile nuru ikifanya kila kitu nilichokuwa nimeitegemea ifanye. Ilienea juu ya maji, ikaingia mpaka chini kwenye mawe, ikapanda upande wa pili. Ningeweza kuitoa kamera upya. Sikuitoa. Nilitaka mtu aniulize kwa nini siitoi, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa anamfunga baba skafu na baba alikuwa ameinua uso juu, mkono ameufungua mbele yake.

"Tuondoke," nikasema. "Ukungu unakuja." Na kweli ulikuwa unakuja, unateremka kutoka msituni kwa haraka yake ya siku zote. Mdogo wangu akamwongoza baba mpaka kwenye mawe ya kuvukia, kisha akapiga ukelele. Mkongojo ulikuwa umesahaulika kule kwenye jiwe. "Usimame hapo, baba, usisogee, nakuja sasa hivi." Akageuka, na baada ya muda mfupi ukungu ukawa umemmeza.

Mimi nilikuwa nimesimama tayari juu ya jiwe la kwanza, begi mgongoni, nimempa baba kisogo kwa makusudi kabisa. Nikamsikia anavuta pumzi. Nilipogeuka alikuwa ameunyoosha mkono mbele, chini kidogo, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani.

"Mama," akasema. "Nishike."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuhesabu vifungo vya sweta lake. Ananitazama usoni. Nikangoja aseme, ah, kumbe ni mkwe. Hakusema, alidhani mdogo wangu amesharudi. Macho yake yalikuwa yamenielekea na hayakuwa yamenifikia.

Nikampa mkono. Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto kuliko nilivyodhani, na ulinishika vyema, bila hofu. Nilikuwa sijui uzito wake. Akapanda jiwe la kwanza, nami nikarudi nyuma mpaka la pili.

"Leo nimemuumiza mkwe," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu na mama yake. "Umesikia alivyokunja ile miguu ya kamera? Amekunja kabla. Jua lilinigusa mkononi nikawa nasikia anafunga zipu. Yule hajawahi kukunja kabla ya jua, tangu akiwa mdogo hivi."

Nikarudi nyuma mpaka la tatu. Akakanyaga jiwe la pili.

"Na nimwambie nini? Niseme picha zako zote naona weupe tu, tangu zile za Bungu? Hiyo simu yako ina taa ndani, angalau nadaka kitu. Karatasi siioni, mama, imekwisha. Unanitunzia siri vizuri, endelea hivyo hivyo. Mtu huwezi kumvulia nguo mkwe wako."

Ningependa kuandika kwamba nililia kwa huruma. Machozi yalitoka, lakini kilichonichoma kwanza, kabla ya macho yake, kabla ya miezi yote ile ya kupapasa pembe za karatasi zangu, ni kwamba mdogo wangu alijua. Alikuwa nayo hiyo siri, peke yake, huko Muheza na machungwa yake, anatuma picha za sufuria kwa sababu sufuria lina mng'ao. Hata upofu wa baba alikuwa amegawiwa yeye. Niliuonea wivu mpaka mzigo ule, nikiwa nimeushika mkono wa baba katikati ya maji. Huruma ilikuja nyuma yake, na ilipofika ilinikuta sina pa kujificha.

"Anasubiri vizuri kuliko mimi," baba akaendelea. "Wewe husubiri, mama, na usinune nikikuambia. Yule nilikuwa nikikaa naye hapa sisikii hata anavyopumua."

Ndipo kule nyuma, ndani ya ukungu, sauti ya mdogo wangu ikaita, wazi kabisa, "Nimeupata, baba! Dada, mshikilie hapo hapo, nakuja!"

Mkono wa baba ukakakamaa ndani ya mkono wangu. Tulikuwa kwenye mawe mawili tofauti na maji yanapita katikati yetu. Nilikuwa najua kitakachofuata, kwa kuwa nimekijua maisha yangu yote: atauachia, atacheka kidogo, ataniambia nitangulie. Nikaulegeza mkono wangu ili asipate taabu ya kuutoa.

Akaukaza. Akaushika na kwa mkono wake wa pili.

"Jiwe linalofuata liko wapi, mkwe?" akauliza.

"Kushoto kwako, baba," nikamwambia. "Limelowa. Nipe uzito wote."